Nimekaa karantini kwenye meli ya kitalii, uzoefu wangu (nyota 3 kati ya 5)

Jamani safari niliyoiwekea akiba miaka miwili nimeishia kuiangalia kwenye tivii ya kebini. Siku ya nne usiku tumbo likaanza kuvuruga, nikajua ni kuchanganya vyakula vya bafe, kufika saa nane usiku nimekaa chooni nimekumbatia ndoo ya taka, na vyoo vya meli unavijua, ukigeuka kidogo tu goti linagonga mlango. Asubuhi mume wangu akapiga simu zahanati ya meli bila hata kuniuliza.

Nesi akaja na barakoa na glavu, maswali kama ya polisi, umetapika mara ngapi, umeharisha mara ngapi, ulikula wapi, ulikaa na nani. Akanipa dawa ya kuzuia kutapika na pakiti za ORS, yale maji ya chumvi na sukari, akasema hii inaonekana ni norovirusi, kirusi cha kutapisha na kuharisha kinachoambukiza haraka, kwahiyo sitoki mpaka zipite saa 48 tangu dalili ya mwisho. Sikilizeni hapo vizuri, ya mwisho, sio tangu ulipoanza kuumwa! Mi nilishafika saa thelathini na kitu, nishaanza hadi kupanga nguo za kuvaa, tumbo likakata tena mara moja tu, hesabu ikarudi sifuri. Nililia kama mtoto. Mume wangu mzima kabisa na yeye akaambiwa asitoke saa 24 waone kwanza, wakati nesi huyohuyo katuambia kirusi kikishaingia kinaweza kuchukua saa 12 mpaka 48 kujionyesha, sasa hiyo hesabu yao mnisaidie.

Nikiri kwamba neno karantini ya meli lilinipa kiwewe, maana nilikuwa nakumbuka ile meli ya Diamond Princess kule Yokohama, Japani, Februari 2020, watu zaidi ya 3,700 wamefungiwa melini na zaidi ya 700 wakakutwa na korona. Hii yetu haikuwa hivyo, waliofungiwa ni wanaoumwa na wanaolala nao chumba kimoja, wengine wanaendelea na muziki wao huko juu. Kwenye usafi nawapa maua yao. Walipulizia klorini kila kitu mpaka rimoti, mashuka yakabebwa kwenye mifuko ya peke yake, na kule kwenye bafe abiria wakakatazwa kujipakulia, wanapakuliwa na wahudumu. Halafu nesi akanipa somo, kumbe ile sanitaiza ya spiriti tunayojipaka kwa mbwembwe mlangoni haikiwezi vizuri hiki kirusi, kinachosaidia ni maji na sabuni na kusugua kwelikweli.

Shida yangu kubwa ilikuwa kebini. Tulichukua ya ndani, isiyo na dirisha, kwa sababu ni rahisi na tulijiambia chumbani ni pa kulala tu. Haya sasa kaa humo siku tatu. Kuna chaneli ya tivii inaonyesha kamera ya mbele ya meli, basi hiyo ndo ilikuwa dirisha letu, tukiona skrini nyeusi tunajua usiku, ikianza kuwa kijivu tunasema kumekucha, na bandari mbili nzuri tumeziona hivyohivyo, kaboti kanapita kwenye kona ya skrini. Chakula kinawekwa chini mlangoni, anagonga mara mbili anaondoka, ukifungua unakuta trei tu na mgongo wake unaishia kwenye korido. Supu imepoa, wali mkavu, ndizi. Sikulaumu chakula, mgonjwa wa tumbo utakula nini tena, ila ukiomba maji ya ziada unapiga risepsheni, wanakupeleka huduma ya chumbani, nao wanakurudisha zahanati, na we hapo koo limekauka.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Mzee mmoja wa meza ya jirani alimwambia mume wangu baadaye, huku anacheka, kwamba na yeye aliharisha siku zilezile akameza vidonge vya kufunga tumbo akaendelea na bafe yake. Mimi niliyesema ukweli nimefungiwa, na bili ya daktari ikaingia kwenye akaunti ya chumba, yeye kaenda matembezi yote! Na ile fomu ya afya ya kupandia meli najua watu wanavyoijaza, wote wazima, hakuna aliyewahi hata kukohoa. Wangesema tu wazi kwamba ukiripoti mapema matibabu ya hiyo norovirusi ni bure na siku ulizofungiwa unafidiwa, nani angejificha? Fidia nilipewa ya matembezi mawili tu, tena baada ya kwenda kuulizia mwenyewe.

Nyota tatu ni za manesi na yule kaka wa trei, ambaye siku ya mwisho aliacha taulo lililokunjwa umbo la tembo kwenye mfuko wa plastiki mlangoni. Anayepanga kusafiri ajitahidi apate kebini yenye dirisha hata kama dogo, na risiti za zahanati achukue hukohuko kabla hajashuka, bima yangu inazidai mpaka leo.