Fundi friji wa Sabasaba, Dodoma: huyu anafungua mpaka ndani

Kama unatafuta fundi friji Dodoma ambae akifika haanzi na wimbo wa "gesi imeisha", soma hapa. Mi nauza aiskrimu za ubuyu na juisi ya zabibu huku Kisasa, friza yangu ni ya kusimama, ya droo, nofrosti (ile inayojiyeyushia barafu yenyewe), ikaanza vituko, kompresa inaunguruma usiku kucha haipumziki alafu aiskrimu zinalegea, na ndani kuna kelele ya feni inasugua kitu.

Fundi wa kwanza (simtaji) aligusa tu kompresa akasema gesi, laki na ishirini. Mtungi aliokuja nao ni wa gesi ya 134a, wakati stika ya nyuma imeandikwa R600a, gesi nyingine kabisa inayoshika moto, na alama ya moto iko palepale!! Nikamwambia ntakupigia.

Huyu wa pili ana kibanda karibu na soko la Sabasaba. Kachelewa, kasema saa tatu kafika saa sita na hata pole hakutoa. Ila kazi anaijua. Alichomoa waya ukutani, akatoa droo zote, akafungua skrubu za ule mfuniko wa plastiki wa ukuta wa ndani nyuma, na wengi hawafikagi hapo. Mfuniko ulikua umegandia, hakuuvuta kwa nguvu wala hakuchokonoa na kisu, aliweka beseni la maji ya moto ndani akafunga mlango tukasubiri, maana nyuma yake kuna bomba za alumini, ukitoboa moja ndo hapo gesi inaisha kweli.

Ulipotoka nikaona koili (zile bomba zinazotengeneza ubaridi) nyeupe juu mpaka chini, barafu tupu, imefika mpaka kwenye feni. Akaniambia dada angalia, gesi ingekua pungufu barafu ingeshika upande inapoingilia tu, kwingine kukavu. Hapa imeshika kote, kwaiyo ubaridi unatengenezwa, ila hewa haina pa kupita. Nofrosti ina hita chini ya koili inayojiwasha yenyewe kila baada ya masaa kadhaa, inayeyusha, maji yanashuka kwa kitundu mpaka kwenye trei juu ya kompresa. Hita ikifa barafu inarundikana tu.

Akapima hita na mita, kimya, imekatika ndani. Kilichonifurahisha zaidi ni kile kithamostati, swichi ya joto ya hita, kilichobanwa kwenye koili, hakukipima hivihivi, alikitumbukiza kwanza kwenye glasi ya barafu, kwa sababu kikiwa na joto kinakata umeme hata kama ni kizima, na fundi asiejua hilo anakununulisha kipya wakati chako hakina kosa lolote. Changu kilikua kizima, kikarudi.

Hita ya urefu ule na wati zile mjini haikupatikana, ikaagizwa Kariakoo ikaja na basi, nikaichukua mwenyewe stendi ya Nanenane. Kabla ya kufunga akamimina maji ya uvuguvugu kwenye kile kitundu mpaka yakatokea nyuma kwenye trei. Hita elfu 35, ufundi elfu 30, nauli ya mzigo juu yangu. Gesi hakuigusa kabisa. Sasa hivi kompresa inazima na kuwaka kama kawaida na aiskrimu ni jiwe.

Mabaya yake sasa. Klipu moja ya mfuniko aliivunja, feni ikizunguka plastiki inatetema, akasema "haina shida dada", mi naona ina shida. Risiti hana, waranti ni ya mdomo. Na jiko langu aliliacha bwawa, nilideki mwenyewe.

Ukimpigia mtumie picha ya stika ya nyuma kwanza, ajue anakuja kufungua nini. Na kama yako ni ya inveta (kompresa inayoendeshwa na kadi ya elektroniki), kadi ikiungua haigusi, anakwambia tafuta mtu wa elektroniki, nami naona bora hivyo kuliko ajifunzie kwako.