Uzoefu wangu: daktari binafsi aliyetupangia kalenda ya chanjo ya ng'ombe

Kundi letu hapa Mvomero, Morogoro, limemaliza mwaka mzima likifuata kalenda ya chanjo iliyopangwa na daktari binafsi wa mifugo. Naandika kwa ajili ya mfugaji anayejiuliza kwa nini alipie mtu wa kupanga ratiba wakati chanjo zipo na wachanjaji wapo. Kwangu mimi, ratiba ndiyo iliyokuwa na thamani kuliko sindano.

Mara ya kwanza alikuja na daftari tu. Akauliza ndama jike wangapi hawajafikisha miezi minane, mitamba gani ina mimba, ng'ombe wa mnadani huingia zizini lini, malishoni tunachanganyika na makundi ya nani, na kama chambavu, ugonjwa unaovimbisha misuli ya ng'ombe, imewahi kuua eneo hili. Umri aliuulizia kwa sababu chanjo ya ugonjwa wa kutupa mimba hupewa ndama jike wa miezi mitatu hadi minane, na kila mwezi kuna anayevuka umri huo.

Kukamata ng'ombe ni kazi nzito, kwa hiyo wengi wetu hupenda chanjo zote zimalizwe siku moja. Hapo alikataa katakata, na maelezo yake yalinishawishi. Chanjo ya ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, ni vimelea hai vya ugonjwa wenyewe, na ndama huchomwa papo hapo oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria inayokaa muda mrefu mwilini, ili ugonjwa usimlemee. Lakini chanjo ya kimeta nayo ni bakteria hai, vivyo hivyo ya homa ya mapafu na ya kutupa mimba. Dawa ile ile inayomwokoa ndama na ndigana huziua hizo nyingine. Ukizichoma pamoja, umelipia maji.

Basi akazitenganisha kwa wiki kadhaa. Kimeta na chambavu zilitangulia kabla ya masika, maana chambavu hupenda kuibuka mvua zinapoanza. Chanjo za magonjwa hayo mawili hutengenezwa hapa hapa nchini, Kibaha. Homa ya mapafu hakutuchaji. Aliiachia nafasi kwenye kalenda kwa ajili ya kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi iliyozinduliwa Juni 2025. Angeweza kutuuzia kimyakimya, hakufanya hivyo, na hilo lilinifanya nimwamini.

Siku ya ndigana ndiyo iliyohitaji mipango zaidi. Chanjo hii ilitokana na utafiti wa Muguga, Kenya, na siku hizi hutengenezwa Lilongwe, Malawi. Husafirishwa ndani ya mtungi wa nitrojeni ya kimiminika, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Mrija wa chanjo tuliotumia ulikuwa wa dozi 40, na ukishayeyushwa haurudishwi kwenye baridi. Ni lazima uishe ndani ya saa chache. Kwa hiyo majirani tulikubaliana kuleta ndama wetu kwenye kibanio kimoja cha kukamatia ng'ombe. Alipofungua mtungi, moshi mweupe ulimwagika hadi miguuni mwake. Alimpima kila ndama kifuani kwa utepe apate uzito, akachoma oksitetrasaiklini kwenye msuli kulingana na uzito huo, kisha chanjo chini ya ngozi karibu na tezi ya sikio, halafu akamvika hereni ya alama sikioni. Hakuna aliyeruka hatua hata jua lilipokuwa kali.

Wiki ya pili ndama mmoja alivimba tezi na kupata homa. Nilipiga simu asubuhi, jioni akawa amefika na dawa ya kutibu ndigana, na ndama akapona. Ufuatiliaji huo uwekeni kwenye makubaliano tangu mwanzo.

Yapo yasiyoniridhisha. Tarehe ya ndigana iliahirishwa kwa kukosa nitrojeni wakati majirani wameshaswaga ndama wao tangu alfajiri, na taarifa ilitufikia tukiwa kibanioni. Hiyo si sawa hata kidogo. Kadi ya kwanza nayo ilijaa vifupisho asivyoweza kusoma kijana wetu anayechunga. Tulipolalamika akaiandika upya kwa Kiswahili, mwezi kwa mwezi. Na chanjo ya miguu na midomo, inayotakiwa kurudiwa takriban kila miezi sita na kulingana na aina ya kirusi kinachozunguka, mpaka sasa hatujaipata.

Gharama ya ndigana kwa kichwa ni kubwa kuliko ya chanjo nyingine zetu, ila kwa kawaida ndama huchanjwa mara moja maishani. Josho hatujaliacha, kwa kuwa kupe bado wanaleta ndigana baridi na mkojo mwekundu.

Mwenye ng'ombe wawili watatu wa maziwa asimwite daktari peke yake. Hesabuni ndama wa mtaa mzima kwanza, mkitimia mrija mmoja ndipo mpige simu, na mumwambie athibitishe kuwa nitrojeni ipo kabla hamjatoa ndama zizini.