Jeli ya asidi ya azelaiki kwa rosasea: uzoefu wangu, ngozi nyeusi, joto la Mombasa

Natumia jeli ya asidi ya azelaiki ya asilimia 15 kwa rosasea, ugonjwa sugu wa ngozi ya uso unaoleta joto, wekundu na vipele, na sasa umepita mwaka na zaidi. Naandika kwa sababu karibu kila maelezo niliyoyakuta yalikuwa ya watu weupe, na picha za mashavu mekundu. Mimi ni mweusi, naishi Mombasa, na uso wangu haujawahi kuwa mwekundu hata siku moja.

Kwetu rosasea hujificha. Mimi ilinianzia kwa joto: nikinywa chai ya moto au nikipita juani adhuhuri, pua na mashavu yanawaka kama niliyeinamia jiko la makaa. Baadaye vikatoka vipele vigumu, na kila kimoja kikipoa kinaacha doa jeusi. Kila mtu aliniambia ni chunusi. Daktari wa ngozi ndiye aliyeniangalia kwa utulivu, akanionyesha kwamba sina vile vichwa vyeusi na vyeupe vinavyokuja na chunusi, akaniuliza kuhusu chai, pilipili na jua, ndipo akataja rosasea.

Kabla ya kufika kwake, duka moja la dawa lilitaka kuniuzia krimu ya betamethasoni, ambayo ni steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe. Dada zangu, hapa nawasihi kwa moyo wote: msipake steroidi usoni kwa ushauri wa dukani. Inatuliza kwa siku chache, unafurahi, kisha ngozi inakuwa nyembamba na vipele vinarudi kwa hasira ukiacha. Krimu nyingi za kung'arisha zinazouzwa mitaani zina klobetasoli ndani, steroidi nyingine iliyo kali kuliko hiyo, na zenyewe zinaweza kukuletea rosasea ambayo hukuwa nayo.

Turudi kwenye jeli. Asidi ya azelaiki imo kwenye ngano na shayiri, na hata kuvu wanaoishi kwenye ngozi ya binadamu huitengeneza. Marekani iliidhinisha jeli ya asilimia 15 kwa rosasea mwaka 2002. Utaikuta kwa majina kama Finacea na Skinoren. Inapunguza kimeng'enya kinachochochea uvimbe kwenye ngozi yenye rosasea. Lakini kilichonifanya niipende ni kazi yake ya pili: inapunguza pia utengenezaji wa melanini, ile rangi ya ngozi, pale palipozidi. Kwa hiyo dawa moja inashughulikia kipele na doa lake. Kwetu sisi tunaobaki na madoa miezi mingi baada ya kipele kuisha, hilo ni jambo kubwa mno.

Maelekezo ya kawaida ni kupaka asubuhi na jioni. Daktari alinianzishia usiku tu, na nashukuru, maana mwanzoni inachoma. Si maumivu ya kutisha, ni kuwasha na kuchomachoma kwa dakika kadhaa, kisha kunatulia. Ukipaka kwenye uso wenye maji inachoma zaidi, kwa hiyo nanawa kwa sabuni laini isiyo na manukato, naacha uso ukauke kabisa, napaka kidogo tu, kisha mafuta mepesi juu yake. Wiki za mwanzo ngozi ilikauka na kubanduka pembeni mwa pua. Ilipita.

Shida ya Mombasa ni unyevu na jasho. Ukipaka nyingi kisha ukaweka krimu ya kukinga jua haraka, vyote viwili vinajiviringa vipande vidogo vyeupe usoni. Dawa yake ni kupaka nyembamba na kusubiri ikauke. Na krimu ya jua usiiache, kwa sababu jua linachochea rosasea na kurudisha madoa. Zile za oksidi ya zinki zinatuacha na weupe usoni, kwa hiyo natumia yenye rangi ya kahawia.

Usitarajie muujiza wa wiki moja. Vipele vilianza kupungua baada ya mwezi hivi, na madoa yakachelewa zaidi. Hospitali huwa wanataka uipe wiki 12 kabla ya kuamua kama inakufaa. Leo napata kipele kimoja kimoja, tena nikiwa nimekaa jikoni muda mrefu. Ule moto wa ghafla usoni umepungua lakini haujaisha, na jeli hii haiondoi vile vimishipa vinavyoonekana, wala haitibu macho yanayowasha na kuwa mekundu, maana rosasea huweza kufika hadi machoni. Ukiwa na shida ya macho nenda hospitali mapema.

Karatasi ya dawa inaonya kwamba watu wenye ngozi nyeusi wachunguze kama inawapausha. Mimi huangalia kwenye mwanga wa dirishani. Sijaona mabaka yoyote, ila nyinyi nanyi muangalie. Wajawazito wengi huruhusiwa kuitumia kwa kuwa kiasi kidogo sana ndicho kinachoingia mwilini, lakini ruhusa hiyo itoke kwa daktari wako.

Bei inauma, na si kila famasi inayo. Zipo pia za asilimia 10 zinazouzwa bila cheti. Sijazitumia, kwa hiyo sizisemi. Ila kwa hii ya 15, nikiulizwa na mwenzangu mwenye ngozi kama yangu ambaye daktari amethibitisha ni rosasea, namwambia anunue na avumilie ile miezi mitatu.