Uzoefu wangu na kolamu mbili za kromatografia ya gesi: fenili asilimia 5 na waksi

Kolamu ninazozitathmini (mirija ambamo gesi hupitisha sampuli ili vitu vyake vitengane) zote ni za kapilari, yaani nyembamba sana: urefu mita 30, kipenyo cha ndani milimita 0.25, utando wa ndani wenye unene wa mikromita 0.25. Moja imepakwa polisiloksani yenye fenili asilimia 5, nyingine polithilini glikoli, ambayo maabarani huitwa waksi tu. Kwa kuwa vipimo ni vilevile, tofauti unayoiona kwenye kromatogramu (mchoro wa vilele, kila kilele kikionyesha kitu kinapotoka kwenye kolamu) inaletwa na kimiminika kilichopakwa ndani, na uchaguzi unapaswa kuanzia hapo.

Anayeweza kununua moja tu, namshauri achukue ya fenili. Inafanya kazi hadi nyuzi 325, haisumbuki sana na sampuli chafu, na hutoa vitu karibu kwa mpangilio wa viwango vyao vya mchemko. Hapohapo ndipo inaposhindwa. Benzini huchemka kwa nyuzi 80.1 na saikloheksani 80.7, kwa hiyo vilele vyao hubanana. Kwenye waksi saikloheksani hutoka mapema, huku benzini ikichelewa, maana elektroni za pete yake huvutwa na ncha za umeme za glikoli. Zaileni nazo ni hivyohivyo: ile ya para na ya meta hutoka kama kilele kimoja kwenye fenili, lakini waksi huzitenganisha, para ikitangulia.

Wengi wakikosa utengano hukimbilia kolamu ya mita 60. Sioni faida yake kabla ya kubadilisha aina ya utando. Utengano hufuata kipeuo cha pili cha urefu, hivyo kuurefusha mara mbili kunakupa takriban mara 1.4 tu, na muda wa kusubiri unakaribia kuwa maradufu.

Waksi ina masharti. Kwa kawaida ukomo wake ni karibu nyuzi 250, na ikipoa chini ya takriban 40 utando hukakamaa, vilele vikapanuka. Adui yake mkubwa ni oksijeni. Tobo dogo kwenye kiungio cha gesi, oveni ikiwa moto, linatosha kuikata minyororo ya glikoli; utaona mstari wa msingi (usomaji mahali pasipo kilele) ukipanda zaidi kila siku, na vilele vya alkoholi vikianza kuota mikia, yaani kuburuta upande wa nyuma. Bila kichujio cha oksijeni kwenye mstari wa gesi, usiinunue kabisa. Asidi na besi kali za madini pia huiharibu.

Unene wa utando: kwa viyeyusho vyepesi mikromita 1 huvishikilia vizuri zaidi, na kwa vitu vizito vinavyochelewa, 0.1 inatosha.

Ufungaji ndio unaoharibu kolamu nzuri. Napitisha nati na pete ya grafaiti kwanza, kisha ndipo nakata sentimita 2 za mwisho, kwa sababu pete hukwangua chembe zinazoingia ndani ya tundu. Ncha iangaliwe kwa lenzi: mkato uwe umenyooka, bila meno wala vumbi. Baada ya hapo, upande wa kitambuzi (kifaa kinachosoma vitu vinavyotoka) ukiwa bado haujafungwa, pitisha gesi dakika 20 oveni ikiwa baridi. Gesi ikiwa haidrojeni, itoe nje ya oveni, la sivyo inaweza kulipuka. Panda nyuzi 5 kwa dakika hadi 20 juu ya joto la kazi, bila kuvuka ukomo, ukae hapo saa moja. Pete zenye poliimidi (plastiki inayostahimili joto) hulegea baada ya joto la kwanza. Zikaze tena kidogo.

Vilele vikianza kuota mikia baadaye, kata sentimita 20 upande wa injekta (mahali sampuli inapoingizwa) na ubadilishe mrija wa kioo uliomo ndani yake kabla ya kuilaumu kolamu. Uchafu usiochemka hukaa mwanzoni kabisa, na mita zilizobaki mara nyingi ni nzima. Baada ya kukata, rekebisha urefu kwenye programu ya mashine, vinginevyo kasi ya gesi itakayokokotolewa haitakuwa sahihi.