Sauti ilikatika katikati ya filamu: jinsi ukumbi ulivyotuhudumia

Ukumbi huu wa sinema naupa nyota nne kati ya tano, ingawa siku niliyokwenda sauti iliharibika filamu ikiwa imeshakolea. Mitambo huharibika popote. Ninachopima mimi ni wenye ukumbi wanafanya nini ikishaharibika.

Ilikuwa hivi: muziki tunausikia, mvua inanyesha pembeni na nyuma yetu, besi inatikisa viti, lakini waigizaji wanafungua midomo tu. Ukikutana na hali hiyo, kwa kawaida mwenye shida ni spika ya katikati. Kwenye mfumo wa sauti uitwao 5.1 mbele kuna chaneli, yaani njia za sauti, tatu: kushoto, katikati na kulia, kisha mbili za kuzunguka watazamaji na moja ya besi. Mazungumzo karibu yote hupita ile ya katikati. Spika yake imejificha nyuma ya skrini, na skrini ina vitundu vidogo sana vya kupitisha sauti. Ikinyamaza hiyo, hadithi yote imekupotea.

Lawama yangu ya kwanza ni kwamba hakuna aliyegundua. Projekta za dijitali siku hizi hujiendesha kwa ratiba iliyopangwa kwenye kompyuta, na kumbi nyingi hazina tena mtu wa kukaa chumba cha projekta. Watu walipiga miluzi, wakageuka kutazama kile kidirisha cha nyuma, wala hakukuwa na mtu wa kuwasikia. Nilitoka nikamwambia mhudumu wa mlangoni: "Muziki unasikika, mazungumzo hayasikiki." Nakushauri nawe useme hivyo hivyo, kwani ukisema "sauti mbovu" fundi hajui aanzie wapi.

Kuanzia hapo walinifurahisha kweli. Msimamizi hakunibishia wala hakuniambia nirudi nikakae kwanza. Aliingia mwenyewe, akasimama katikati ya viti, akasikiliza, akaita kwa redio ya mkononi. Filamu ikasimamishwa, taa zikawashwa nusu. Kisha akaja mbele na kutueleza waziwazi: amplifaya, yaani kikuza sauti, ya spika ya katikati imejizima, fundi anaishughulikia, na asiyeweza kusubiri apite dirishani arudishiwe pesa yake. Wachache waliondoka, na walirudishiwa bila kuhojiwa. Sisi tuliobaki tulitulia, kwa sababu tulijua tunasubiri nini.

Kilichonikosha zaidi ni fundi. Baada ya kuhamishia chaneli ile kwenye amplifaya ya akiba, hakukimbilia kuwasha filamu. Alipiga kwanza ule mvumo wa majaribio, shhhh, ukaanza kushoto, ukaja katikati, ukaenda kulia, halafu ukazunguka kuta za pembeni. Ulipofika katikati ukumbi mzima ulipiga makofi. Ndipo wakairudisha filamu nyuma hadi kabla ya sauti kupotea, hatukukosa hata neno. Nimewahi kuona kwingine filamu ikiendelezwa pale ilipofikia, na mtazamaji anabaki kubahatisha nani alimwambia nini nani.

Mwishoni kila mmoja alipewa tiketi ya kuingilia siku nyingine, isiyobagua siku wala saa.

Nyota moja nimeikata kwa sababu mbili. Nilipomuuliza fundi, alisema amplifaya ilipata joto, feni yake ikiwa imeziba vumbi, ikajizima ili isiungue. Vumbi hilo halikuingia siku moja, na ule mvumo wa majaribio ukipigwa kila asubuhi kabla ya kufungua milango, spika dhaifu hujulikana mapema. La pili ni waliokuwa foleni wakisubiri onyesho lililofuata. Onyesho lao lilichelewa kwa sababu yetu, na wao waliambiwa "subirini" tu, bila sababu wala muda. Nililisema hilo kwa msimamizi wakati natoka, akaenda kuwaeleza pale pale.