TAHADHARI: Laptopu "tayari kwa bahari", alama ya chombo ni rekodi tupu

Wenye mashua za tanga, kaeni mbali na yule jamaa wa laptopu "tayari kwa bahari". Mnamjua, sina haja ya kumweleza. Kama ameahidi kupanda chomboni kwako kukuonyesha mtambo wake, mwambie asijisumbue. Kama umeshamlipa, soma hadi mwisho kabla hujang'oa nanga.

Kifurushi chake ni laptopu iliyotumika, kijiantena cha GPS cha USB, fleshi ya "chati za dunia nzima", na OpenCPN iliyokwishawekwa. OpenCPN ni programu huria ya kuonyesha chati na mahali chombo kilipo, kila mtu anaipakua bure, naye anaitoza bei kana kwamba ameiandika kwa mkono wake. Hilo pekee lingetosha kumwita mlanguzi, lakini hilo ni dogo. Kubwa ni lile onyesho lake.

Anakaa kwenye meza ya chati, anawasha laptopu, anachomeka antena mbele ya macho yako na kuiegesha kwenye kioo cha dirisha. Taa yake inawaka mfululizo kama dakika moja, kisha inaanza kupepesa. "Imeshika setilaiti," anasema, na kwa antena nyingi za aina hiyo kupepesa ndiyo maana yake hasa. Kwenye skrini alama ya chombo inatokea palepale ubavuni mwa gati, inacheza mita mbili tatu huku na huku, vilevile kama chombo kilichofungwa kamba. Kasi inasoma 0.1, 0.0, 0.2. Halafu, bila kuombwa, anafungua dirisha la data na sentensi za NMEA, yaani lugha ambayo vifaa vya chombo hupashana habari, zinamiminika, $GPRMC, $GPGGA, moja moja kila sekunde. Ndani ya $GPRMC (RMC kwa kifupi) kuna herufi A, yaani mahali pamepatikana. Pasingepatikana ingesomeka V.

Sasa niambieni, nani angeshuku? Taa ni sahihi, mahali ni sahihi, sentensi ni sahihi. Tena anayeijua NMEA ndiye anayenaswa upesi, maana anajua vitu vya kukagua na vyote anavikuta. Kwa hiyo msicheke watu waliolipa. Mtego huu haukutegewa wajinga.

Yote yale ni rekodi. OpenCPN ina programu-jalizi iitwayo VDR, kazi yake ni kurekodi data ya NMEA na kuirudisha baadaye, kitu kizuri sana cha kujifunzia. Mtu huyu amerekodi kwenye gati lilelile kwa antena nyingine nzima, kisha anaicheza rekodi kabla hujaketi. Kitufe cha VDR hukioni kwa sababu upau wa zana ameuweka ujifiche wenyewe.

Na taa je, mbona inapepesa? Hapa ndipo alipotumia akili, laana imshukie. Ndani ya kijiantena kuna sehemu mbili: moduli ya GPS, na chipu inayogeuza mawasiliano ya siriali yaingie kwenye USB. Moduli inapata umeme wa volti 5 kutoka kwenye laptopu, inashika setilaiti kweli, taa inapepesa kwa haki yake. Chipu ndiyo mbovu. Ni PL2303 ya kughushi, na madereva mapya ya Prolific, yaani programu za mtengenezaji wa chipu hiyo zinazoiendesha kwenye Windows, huzikataa chipu za kughushi pamoja na zile halali za zamani zilizokwisha kuachwa. Ukifungua Device Manager, orodha ya vifaa ya Windows, unakuta alama ya mshangao ya njano na Code 10, yaani kifaa kimeshindwa kuanza. Data haivuki. Antena inajua ilipo lakini haina njia ya kuiambia laptopu. Ukishatoka bandarini, laptopu ikizimika na kuwashwa tena, rekodi haipo na alama ya chombo imebaki ya kijivu. Hapo upande wa demani, upepo unakokusukuma, kuna mwamba na jua linazama.

Chati zake ni balaa la pili. Ile "dunia nzima" ni CM93, mkusanyo wa chati za vekta uliosambazwa kwa wizi miaka mingi, mwepesi kiasi cha kuenea kwenye fleshi ndogo. Hausahihishwi. Boya likihamishwa, taa ikibadilishwa, gati jipya likijengwa, CM93 haina habari. Baya zaidi ni kwamba baadhi ya seli, yaani vipande vya chati, zimetokana na chati za karatasi zilizopimwa kwa datamu (misingi ya vipimo vya mahali) za kale, na hazikuhamishwa sawasawa kwenda WGS84, datamu inayotumiwa na GPS. Visiwa na miamba inakaa kando ya mahali pake, pengine kwa mamia ya mita. OpenCPN yenyewe ina dirisha maalumu la kusogeza seli za CM93 kwa mkono, jambo ambalo lingepaswa kukutisha. Na usijipe moyo eti bandarini ilikaa sawa. Bandari kubwa hupimwa vizuri na mara kwa mara, kwa hiyo kukaa sawa pale hakusemi lolote kuhusu fungu la mchanga lililo maili arobaini mbele.

Kando ya CM93 ameweka folda ya pili, chati za S-63. Hizo zimefungwa kwa usimbaji, na kibali cha kuzifungua hutolewa kwa mtambo mmoja na kina tarehe ya kuisha. Kibali chake ameiba na kimeshaisha. Programu ingekuonya kwamba kimeisha, ndipo akarudisha nyuma saa ya laptopu, akazima kusawazisha saa kwa intaneti, akazima na masasisho ya Windows. Onyo halitokei tena.

Saa hiyo ndiyo inayonichemsha damu kuliko yote. Dirisha la maji kujaa na kupwa hukokotoa kwa saa ya kompyuta. Saa ikiwa nyuma miezi kadhaa, unasomewa maji ya siku nyingine kabisa: programu inakwambia leo ni maji mafu na kina kinatosha, kumbe ni bamvua na kwenye kupwa mlango wa bandari unabaki na nusu ya maji uliyoahidiwa. Mchoro ni mzuri, mkunjo ni laini, hakuna rangi nyekundu popote. Chombo chenye mkuku wa mita 2 kinalala ubavu juu ya mawe kwa sababu mtu mmoja alitaka kuficha onyo moja.

Na bado anawaambia watu wauze chati zao za karatasi! Mwaka 2014 Team Vestas Wind, chombo cha mashindano ya Volvo Ocean Race chenye mabaharia mahiri na chati halali, kilipanda mwamba wa Cargados Carajos katika Bahari ya Hindi, kaskazini mashariki mwa Mauritius. Hatari ya mwamba ule haikuonekana sawasawa kwenye chati ya kielektroniki mpaka uikuze karibu. Hao ni mabingwa wenye vifaa vizuri. Huyu anakuuzia wizi na rekodi, kisha anakwambia utupe karatasi.

Huyu hastahili kuonywa. Arudishe pesa za kila mtu, simu yake izuiwe kila kundi, na mlinzi wa gati asimruhusu kupita. Akikutana na polisi itakuwa vyema zaidi: kuuza programu za bure si kosa, ila kuuza chati za wizi ni kosa, na kumdanganya mtu kuhusu mahali alipo baharini mimi naliita jaribio la kuua. Wanaomtetea eti "anasaidia wasio na uwezo" waende naye usiku bila mwezi, tuone.

Mliobaki kwenye mtego, haya ndiyo ya kukagua. Chomoa antena alama ikiwa inacheza: ikiendelea kucheza, ni rekodi. Soma RMC, ina saa ya UTC na pia tarehe kwa tarakimu sita, siku mwezi mwaka, mfano 050324 ni tarehe 5 Machi 2024. Isipokuwa ya leo, mwambie afungashe. Linganisha na simu yako, si na saa ya laptopu. Weka kishale juu ya vijisanduku vya chati chini ya skrini, visome: chati halali ya S-57 (muundo rasmi wa chati za kielektroniki) itakuonyesha toleo na tarehe, na kwenye folda yake utakuta faili la .000 na mara nyingi masahihisho ya .001, .002 yakifuata. Antivairasi ikiwa imezimwa na unaambiwa usiiguse, unajua kwa nini. Fleshi ipime kwa programu ya H2testw, kwa sababu baadhi zinajitangaza kubwa kuliko zilivyo na faili za mwisho hufutwa kimyakimya. Na ile inveta ndogo anayotoa kama zawadi ikae mbali na waya wa redio ya VHF, inatoa kelele za redio zinazofunika AIS, mawimbi ambayo meli hutangazia mahali zilipo.

Kama laptopu yenyewe ni nzima, usiitupe. Rekebisha saa kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Futa CM93 na ile folda ya S-63, ondoa OpenCPN yake, pakua mpya kutoka kwa wenyewe. Nunua antena yenye chipu ya u-blox inayoongea USB moja kwa moja, Windows ya sasa huitambua bila dereva wa pembeni. Chati chukua kwa mamlaka husika: kwa maji ya Marekani, NOAA, idara ya serikali yao, inatoa ENC (chati rasmi za kielektroniki) bure na kuzisahihisha kila wiki, kwingineko duka la mtandaoni la o-charts wanauza zilizofungwa kwa kompyuta yako au kwa kijifaa cha USB (dongle). Halafu washa mtambo mzima gatini, zima, washa tena, chomoa antena, irudishe, na uangalie alama ikigeuka kijivu na kurudi nyekundu.

Mwenye risiti yake au ujumbe wake wa simu auhifadhi, asiufute kwa hasira. Vitahitajika.