Kahawa ya mzee wa Ngamiani: sauti hufika kwanza

Mimi ni fundi cherehani, nakaa Ngamiani hapa Tanga, na huduma ninayotaka kuisifia haina duka wala bango. Ni mzee wa kahawa anayepita mtaani kwetu baada ya alasiri, na tena baada ya isha. Mkono mmoja dele na kijiseredani chake cha makaa, mkono mwingine vikombe viwili vidogo vya kauri anavigonganisha. Ti-ti, ti-ti-ti.

Kahawa yenyewe ni chungu, ya moto kweli, tangawizi unaisikia kooni. Nalipa shilingi 200 kikombe, kashata ya karanga 200 nyingine. Kashata siku nyingine zinakuwa ngumu mno, hapo simfichi. Na usimpe noti ya elfu kumi, chenji hana.

Ninachokipenda zaidi ni ile sauti. Kwangu imeshakuwa mtu. Inakata kona kabla ya mzee, inaingia dirishani bila hodi, inanikuta nimeinama kwenye mashine na mguu unasita wenyewe. Mzee akiwa mzima, milio inakimbizana. Akichoka inakuja mmoja mmoja, na katikati unasikia kandambili zake. Kuna siku niliisikia kavu, haina mwangwi. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, kikombe kimoja leo kina ufa." Akavigeuza kwenye taa. Kweli, ufa mwembamba kama unywele, karibu na mdomo.

Usiku inafika mbali. Alasiri naisikia akiwa mtaa wa pili tu, ila baada ya isha naipata tangu yuko mtaa wa nne huko. Si kwa sababu pikipiki zimepungua tu: ardhi ikishapoa, hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu, na sauti ambayo mchana ingepaa ikapotea inapinda kurudi kwetu. Umeme ukikatika ndiyo kabisa, inajaa chumba kizima.

Mwaka jana alianza kupita kijana mwenye kipaza sauti, maneno ameyarekodi: "Kahawa, kahawa, kahawa." Kahawa yake nzuri, labda kumshinda mzee. Lakini sauti ile haichoki, haipunguzi mwendo, haioni. Tulipofiwa na shangazi ilipita mbele ya turubai vile vile kama jana yake. Mzee alipofika kona ya kwetu, milio ilikatika. Alivifumbata vikombe kiganjani, akaingia polepole, akawamiminia wanaume waliokaa mkekani, na hela akakataa. Nilikuwa ndani na kina mama, na nilijua amefika kwa sababu sauti yake ilinyamaza.

Mwanangu ana miaka minne. Sauti hiyo anaiita Titi, na anaamini Titi ndiye anayetembea, mzee anamfuata tu. Juzi akauliza, "Babu, Titi analala wapi?" Mzee akachuchumaa, akampa vikombe avikumbatie kwa viganja vyote viwili, avigonge. Tk. Hakuna kitu. Kisha akamwonyesha kuvishika chini kabisa, kwa ncha za vidole, akamwambia agonge tena.

"Katoka!"